Wino wa Wapima Ardhi

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mimi ndiye niliyekuwa na mke mnene kuliko wake wote wa Bariadi, na niliamini kabisa kwamba ni kazi ya mikono yangu. Kumbe kweli ilikuwa kazi ya mikono yangu, ila si kwa namna niliyokuwa nikijisifia.

Nianze na mimi mwenyewe, maana bila kunijua mimi mambo haya hayaeleweki. Shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuchunga ng'ombe wa baba. Kusoma sawasawa nimejifunzia kwenye elimu ya watu wazima, nikiwa na ndevu tayari, nimekaa benchi moja na mama mkwe wangu, na kwenye mtihani nikampita. Mambo ya injini hakunifundisha mtu. Niliikuta mashine ya kusaga imekufa, imetupwa nyuma ya kinu cha pamba, watu wanaikalia kama kigoda. Nikaomba niichukue. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka asubuhi moja ikakohoa ikatoa moshi. Tangu siku hiyo hakuna mtu kati ya Kasoli na Zagayu aliyesaga mtama bila kunijua. Mimi ukinipa bisibisi nikaiegemeza ncha yake kwenye injini na mpini sikioni, nakwambia kinachoiuma kabla hujamaliza kunisalimu. Wahindi wa gereji wametuma watu kuja kuniuliza. Hilo si la kujisifu, waulize wenyewe.

Sasa, mke wangu alikuwa na pumu. Unga wa mashine ulimchokoza, na miezi ya kiangazi vumbi likipanda alikuwa akilala amekaa, kifua kinapiga filimbi. Siku moja ilimbana mpaka midomo ikawa ya bluu. Tukamkimbiza kwenye zahanati ambako daktari mgeni alikuwa amepita kutazama wagonjwa. Akampa vidonge vidogo vyeupe kwenye kopo. Akasema ameze siku kumi, huku akipunguza, kisha aache.

Siku ya tatu mke wangu alikuwa anatwanga huku anaimba. Siku ya sita alinitukana kwa sauti kamili, pumzi haikukatika katikati ya tusi. Mimi nikakaa nikafikiri kama fundi: dawa inayofanya kazi namna hii, kwa nini uiache? Injini ikishapata oili nzuri, unaimwaga siku ya kumi? Basi kila nilipokwenda mjini mbali kutafuta vipuri, nilichukua lile kopo tupu, nikaingia duka la dawa, nikaliweka mezani kwa kishindo kama mtu anayejua. Nikasema daktari ameagiza. Hawakuuliza. Ukivaa saa na ukaongea kwa kujiamini, nani anakuuliza?

Miezi ikapita, na mke wangu akaanza kujaa. Uso ukawa wa mviringo, mashavu yakang'aa, shingo ikapotea, mgongo juu ukapanda kama wa fahali. Kwetu huku, wewe unayesoma ukiwa mbali, mke akinawiri hivyo hawamsifu mke, wanamsifu mume. Wanawake waliokuja kusaga walipiga vigelegele wakimwona. Wazee walinishika mkono kwa mikono miwili. Sukari ilikuwa haipatikani hata kwenye duka la ushirika, sabuni tunapanga foleni, na katikati ya shida yote hiyo mke wa fundi mashine anavimba kama mwezi. Nilimpeleka kupiga picha, nikaitia fremu, nikaitundika penye mlango wa mashine ili kila mwenye kuleta debe lake aione.

Yeye mwenyewe hakuipenda. Alikuwa akisema mapaja yamelegea, akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushika kitu, ngozi ikiguswa kidogo inavilia damu. Nikamwambia huo ni uzito wa utajiri, atauzoea. Alinitazama tu. Mke wangu ndiye mtu pekee Bariadi nzima aliyezoea kunikatia maneno yangu. Mimi nikisema magunia ishirini, yeye husema kumi na nne, bila kugeuka, mikono ikiwa kwenye unga. Watu walicheka, nami nilikuwa nikinuna. Sikujua kwamba ndicho kitu nitakachokuja kukililia.

Mwaka huo huo ndio uliokuwa wa kuhamia vijijini. Wapima ardhi walikuja na fito zao zenye rangi nyekundu na nyeupe, wakapiga vigingi kwa mstari, nyumba hapa, shule pale, zahanati pale. Kigingi cha mashine yangu wakakipiga ng'ambo, hatua mia mbili kutoka ilipokuwa. Mimi niihamishe mashine niliyoifufua kwa mikono yangu kwa sababu ya mtu mwenye penseli? Nilisimama mbele ya kijiji kizima, nikawaambia ramani yao hata mbuzi wangu hawezi kuila, atasema haina chumvi. Watu walicheka sana. Nikaking'oa kigingi nikakitupa kwenye korongo. Wakati mimi ninafanya hayo, mke wangu alitoka ndani na kibuyu cha maziwa mgando, akawapa wale wapima wanywe, mmoja mmoja, kama hasikii ninachosema. Nilimkasirikia siku mbili.

Kichwa kilianza kumuuma baada ya mavuno ya pamba. Mwanzoni kidogo, akifunga kitambaa. Kisha kikawa cha kila siku, kibaya zaidi asubuhi, na anatapika bila kula kitu. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Ikaisha, kichwa kipo. Wakamchoma kwinini mpaka masikio yakavuma, kichwa kipo. Akaanza kuona watu wawili wawili. Akashika bega la mtu ambaye hayupo, akaniambia nimwambie mwenzangu naye akae.

Hapo dada yangu mkubwa akaja kutoka Zagayu. Dada yangu huyu ndiye aliyenilea, na sauti yake inatangulia hatua ishirini mbele yake. Alimtazama mgonjwa, akanitazama mimi, akasema hayo ni masamva, wahenga wetu wamekasirika kwa sababu nimekataa kuchinja tangu nilipopata mashine. Anamjua nfumu mmoja, mganga hodari wa kuagua, twende. Nikamwambia ngoja kwanza. Siku ya pili mke wangu akaniita kwa jina la kaka yake marehemu. Nikamwambia tabibu wa zahanati aniandikie karatasi ya rufaa, nikampakia mgonjwa kwenye basi, dada akapanda bila kualikwa, na jioni tulikuwa kwenye hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye miwani, sauti ndogo, mtu ambaye huwezi kumpa hata spana. Nilivunjika moyo. Alimulika macho ya mgonjwa kwa tochi yenye kioo, akamwinua kichwa, shingo ikagoma kupinda. Kisha akanigeukia.

"Ndugu, mbali na kwinini, kuna dawa yoyote anayotumia?"

Nikatoa kopo mfukoni. Nilikuwa nimelibeba kwa makusudi, ili ajue kwamba hakuletewa mgonjwa na mtu wa hivi hivi.

"Hizi aliandikiwa siku ngapi?"

"Kumi," nikasema. "Lakini mimi nimempa mwaka mmoja na nusu. Hajakosa hata siku moja."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lake muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Nilingoja anisifu. Alipofungua mdomo, alisema polepole, na hakunitukana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akaniuliza kama kijijini kwetu tuna mgambo. Nikasema tunao. Akasema mwili nao una mgambo wake, wanazunguka ndani wakikamata wageni wabaya. Vidonge hivi, akasema, ndivyo vinavyotuliza kifua, kwa sababu pumu ni mgambo waliochachamaa. Lakini ukimpa mtu kila siku, mgambo wote wanalala. "Wewe umewapa likizo ya mwaka na nusu. Mlango uko wazi." Na uso ule wa mviringo? Nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua. Akasema ni vidonge.

Nilitafuta pa kukaa. Nikataka nilitupe kopo dirishani palepale, akanishika mkono: tukiacha ghafla anaweza kufa, maana mwili umesahau kujitengenezea dawa hiyo wenyewe. Tutapunguza kidogo kidogo. Hata kosa langu, basi, lilikuwa haliwezi kuondolewa kwa mara moja.

Kisha akaniuliza swali ambalo dada yangu analisimulia mpaka leo.

"Nyumbani mnafuga njiwa?"

Dada alinibana ubavuni kwa kiwiko. Kweli tulifuga. Nilikuwa nimewajengea masanduku chini ya paa la jiko, njiwa hamsini, mke wangu ndiye aliyefagia vinyesi vyao vikavu kila asubuhi, vumbi likimpanda usoni. Nikajibu ndiyo. Daktari akaandika. Dada akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba amekwisha kuridhika, huyu ni nfumu, ila amevaa koti, kwani mtu asiye mwaguzi atawaonaje njiwa wa Bariadi akiwa huku?

Daktari alitaka kutoa maji ya uti wa mgongo. Ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakipika huko nje barazani wakatuambia tusikubali, mtu akichomwa mgongoni hatembei tena. Hapo ndipo ufundi wangu ulipofaa, na hili nalisema bila haya. Niliwaambia injini ikikataa kuongea, unafungua nati ya chini, unatoa oili kidogo, unaitazama kwenye mwanga. Utaona vyuma, utaona maji, utajua. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi. Najua kuandika jina langu, lakini siku hiyo herufi zilinikataa.

Maji yalitoka kwa nguvu, meupe safi kama ya mvua. Nikafurahi nikidhani usafi ni afya. Daktari hakufurahi.

Bwana wa maabara alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mtu wa Ujiji, Kiswahili chake laini kama kimepakwa mafuta. Aliniita ndani kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikimziba mwanga. Akasema, "Bwana mkubwa, nina darubini, nina macho, ila sina wino." Akanieleza. Humo kwenye maji anaona vitu vya duara, lakini chembe nyeupe za damu nazo ni duara. Kuna ukungu mmoja, ndugu wa hamira, unaoishi kwenye vinyesi vya njiwa. Mtu mwenye afya akiuvuta, mgambo wake wanaumaliza. Mtu kama mke wangu, unapanda mpaka kichwani unafanya makazi. Ukungu huo huvaa koti nene lisiloonekana, na njia ya kuliona ni moja: unaweka tone la wino mweusi, kila mahali panakuwa giza, ila penye koti wino hauingii. Chupa yake ilikuwa imekauka, na nyingine iliagizwa zamani, haijaja. Wakati ule kila kitu kilikuwa kimeagizwa hakijaja.

Akaongeza jambo moja. Kama ni kifua kikuu cha kichwani, dawa ni nyingine. Kama ni ukungu, dawa ni kali, inaweza kuua figo, na daktari hawezi kumwekea mtu kwa kubahatisha. Magonjwa yote mawili yanaua wakati mnafikiria.

Wino. Mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikatoka mbio, nikapata chupa ya wino wa kalamu kwenye duka la vitabu, nikarudi nayo kama niliyekamata simba. Mzee akachanganya tone, akatazama, akatikisa kichwa. Wino huo, akasema, ni rangi tu, unapaka kila kitu mpaka ndani. Anataka ule mzito wenye chembe, wanaochorea ramani.

Ofisi ya ramani ya mkoa ilikuwa mwisho wa barabara ya hospitali, jengo la bati jekundu. Niliingia nikamkuta mtu mmoja ameinamia karatasi kubwa kama shuka. Alipoinua uso nilimtambua, na yeye alinitambua kabla yangu.

"Wewe ni yule wa mashine."

"Ni mimi."

"Umekuja kung'oa kigingi gani huku?"

Mimi sikuwa nimewahi kumwomba mtu kitu tangu niiombe ile injini iliyokufa. Nilikuwa nanunua, nabadilishana, natengeneza, nadai. Nilisimama pale na kofia mkononi nikatafuta neno, likaja kwa shida kama nati yenye kutu.

"Naomba wino."

"Wa nini? Unataka kuchora ramani yenye chumvi?"

Wenzake wawili waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Nikawaacha wacheke. Nilimwambia mke wangu anaumwa kichwa, hanijui, na hospitali wanataka wino wa kutazamia maji ya mgongo wake, na bila huo hawajui wampe dawa ipi. Akaweka kalamu chini.

"Mke wako ni yule mama aliyetupa maziwa?"

"Ndiye."

Alivuta droo, akatoa chupa fupi, akaishika kwenye mwanga kuona imebaki kiasi gani. Ilikuwa chini ya nusu, na nikaona kwa macho yake kwamba hakuwa na nyingine. Akaifunga kizibo kwa nguvu akanipa.

"Mwambie ni wa maziwa yale," akasema. "Wewe ningekupa maji ya kunawia."

Nilibeba chupa ile kwa mikono miwili barabara nzima.

Mzee wa maabara alitazama, akanisogezea kiti. Nikaweka jicho. Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona weusi mtupu, na ndani ya weusi viduara vyeupe, vingi, kila kimoja na kitone katikati, vimetulia, kama macho ya samaki kwenye sufuria. Nikamuuliza kama ndivyo vyenyewe. Akasema ndivyo, na makoti yao. Niseme kweli, nilichoona mwanzo si hofu, ni nafuu. Kitu kilichokuwa kinamla mke wangu kilikuwa na sura. Nimewahi kuhangaika siku tisa na injini isiyosema, halafu nikapata kipande cha chuma kidogo kama kucha. Ukishakipata, nusu ya kazi umeimaliza.

Nusu ya pili ilikuwa wiki sita na siku kadhaa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya njano, inachanganywa kwenye chupa ya maji ya sukari na kuingia mshipani tone tone, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Haipendi mwanga, lazima chupa ifunikwe. Hospitali hapakuwa na karatasi nyeusi. Muuguzi akatazama huku na huku, akachukua kaniki ya mke wangu iliyokuwa miguuni pa kitanda, akaiviringisha kwenye chupa, akaifunga kwa uzi. Dada yangu aliinua mikono juu. Kaniki ndiyo nguo ya uganga kwetu. Njiwa, sasa kaniki. Alitoka nje akawatangazia ndugu wa wagonjwa wote kwamba daktari wetu ameiva.

Nusu saa baadaye mgonjwa akaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa malaria, nasema kitanda kilitembea. Meno yanagongana, chuma kinalia kwenye sakafu, nami nimelala juu ya miguu yake nikidhani tumemuua. Dada akaanza kupiga makofi polepole, akiimba wimbo wa kupokea masamva, kwa sababu wahenga wakimpanda mtu ndivyo anavyotetemeka, na wakishapanda husema wanachotaka. Daktari aliingia akamkuta anaimba, mimi nimelala juu ya shuka, muuguzi anahangaika na sindano. Akauliza kwa utulivu nani kati yetu ndiye mgonjwa. Akatueleza ndivyo dawa ilivyo, ataipunguza kasi, na kabla ya kila chupa atapata sindano na aspirini. Dada akamuuliza kwa heshima kama wahenga wamesema wanataka nini. Daktari akafikiri, akasema wanataka machungwa na ndizi, nyingi, kila siku, kwa sababu dawa inamaliza chumvi fulani mwilini ambayo moyo unaihitaji. Dada hakukosa kuleta hata siku moja. Ingekuwa mimi nimemwagiza, angeniuliza kwa nini.

Walimpima mkojo, wakampima damu, mara mbili wakasimamisha dawa figo zipumzike. Chupa za hospitali zikaisha, nyingine zikaletwa kwa treni ndani ya barafu. Kila baada ya siku kadhaa walitoa maji ya mgongo, nami nikaenda kwa mzee wa Ujiji kutazama. Viduara vikawa vichache. Lakini mke wangu alikuwa bado amelala macho nusu, akisema maneno yasiyo na mwanzo. Usoni mashavu yalianza kushuka.

Nilikaa pembeni yake mchana kutwa. Mtu asiyejibu ni mzigo kwa msemaji kama mimi. Siku moja dada alipokuwa ameenda sokoni nilimsimulia yote, ofisi ya ramani, kicheko, chupa, na yale maneno ya mpimaji juu ya maziwa. Nilimwambia pia juu ya vidonge, kwamba ni mimi. Hakusogea. Nilijiambia nimezungumza na ukuta.

Wiki ya tatu akaja mzee mmoja kumtazama binti yake kitanda cha pili. Alikuwa mtu mwenye masikio mazuri, anasikiliza vizuri, nami nilikuwa sijapata msikilizaji siku nyingi. Nikamsimulia. Nikamwambia hospitali nzima ilikuwa imekwama, madaktari wameshika vichwa, mimi nikaondoka, nikaingia ofisi ya serikali bila kubisha hodi, nikawaambia wino ule uko wapi, wakautoa.

"Wino ule ulikuwa wa maziwa yangu."

Sauti ilikuwa ndogo, imekauka, lakini ilikuwa ile ile. Niligeuka. Macho yake yalikuwa wazi na yananitazama mimi mmoja, si wawili.

"Na hodi ulibisha," akasema. "Uliniambia ulishika kofia mkononi."

Kofia nilikuwa nimeitaja kweli. Alikuwa ananisikia siku zote zile. Nilimwambia yule mzee samahani, nikatoka nje nikaenda nyuma ya mahali pa kufulia, nikachuchumaa. Dada aliporudi na kapu lake la ndizi alinikuta hapo. Akaniuliza mtu mwenye mashine analilia nini. Nikamwambia amenikatia maneno. Dada alikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Siku ya mwisho mzee wa maabara aliniita. Nikaweka jicho, nikatazama upande huu na huu. Weusi, weusi mtupu, safi. Akanigonga begani akasema, "Hapa hakuna mtu, bwana mkubwa." Daktari hakutaka kufurahi haraka, akatupa tarehe za kurudi kupimwa, na tulirudi zote, na kila mara palikuwa na weusi mtupu. Vidonge vilipunguzwa mpaka robo ya kidonge, mpaka vikakoma. Kwa pumu akampa dawa nyingine, na akamwambia akae mbali na unga. Mimi nikaambiwa nikae mbali na maduka ya dawa.

Tuliporudi Bariadi masanduku ya njiwa yalikuwa yameshavunjwa na kuchomwa, kwa agizo langu. Sura yake ilikuwa imerudi ile niliyoioa, nyembamba, taya linaonekana, macho makubwa. Wanawake walikuja kumwona, wakatoka wakinitazama kwa huruma. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mashine imekufa. Zamani ningemjibu neno ambalo angelibeba mpaka kaburini. Nilimwambia mashine ni nzima, mke ni mzima, alete debe lake. Ile picha mke wangu aliitoa mwenyewe ukutani. Nikasema fremu ni nzuri. Akasema, "Fremu ibaki. Huyo aliyemo ni vidonge."

Mpimaji alipita tena msimu uliofuata, kukagua vijiji. Nilimwona kwa mbali na fito zake nikaenda ndani nikachukua kibuyu mimi mwenyewe. Mke wangu akaninyang'anya, akasema nitamwaga. Yule bwana alikunywa amesimama, akafuta midomo, akaulizia kigingi chake. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimekitafuta kwenye korongo nikakirudisha palepale.

Baada ya mavuno niliing'oa mashine yote, injini, mawe, mikanda, msingi, nikaihamisha hatua zile mia mbili mpaka kwenye kigingi, na inasaga hapo mpaka leo, upande ambao upepo haupeleki unga nyumbani kwangu. Niliifanya kazi ile peke yangu, kwa siku tatu, na hakuna fundi mwingine mkoa mzima angeweza.

Mke wangu, ambaye ninamsomea haya anapochambua choroko, anasema siku zilikuwa saba na kaka zake wawili walinisaidia.

Haya. Ziwe saba.